Amepona baada ya tiba, au amepona kwa sababu ya tiba?

Mwanamke mmoja aliyekuja kwenye kliniki yetu ya kinywa na meno alimfungua mtoto wake mgongoni, akamlaza mapajani na kuniomba nimtazame ufizi. Mtoto alikuwa na umri wa miezi mitano. Nilipouinua mdomo wake wa juu kwa kidole niliona vidonda viwili, kimoja kila upande, mahali pale pale ambapo jino la chonge lingekuja kuota, na juu yake masalia ya dawa ya majani yaliyokauka yakawa meusi. Alikuwa ameng'olewa yale ambayo Waganda huyaita ebiino na wenzetu wa Tanzania huyaita meno ya plastiki, ambayo husingiziwa kumletea mtoto kuharisha. Mama hakuja kumlalamikia aliyemkata mtoto. Alikuja kwa sababu kidonda kimoja kilikuwa kinatoa usaha. "Lakini kuharisha kuliisha, musawo," yaani daktari, aliniambia. "Siku ya tatu tu, kukaisha."

Sikumbishia, kwa sababu alilosema lilikuwa kweli. Kuharisha kwa watoto wachanga mara nyingi huisha kwenyewe baada ya siku kadhaa, na wazazi hawamtafuti mkataji siku ya kwanza. Humtafuta pale ambapo mtoto amelegea, amekataa ziwa na nyumba nzima haijalala. Ugonjwa ukiwa umefika kileleni, siku inayofuata kwa kawaida huwa nafuu, liwe limefanyika jambo au lisiwe limefanyika. Mtoto akipona, sifa huwaendea waliong'oa. Akifa, majirani husema alicheleweshwa. Tiba ya namna hiyo haina njia ya kushindwa, na tiba isiyoweza kushindwa hatuna namna ya kujua kama inafaa. Kile kinachoonekana kama uvimbe mweupe kwenye ufizi ni kichipukizi cha jino la utotoni, ambalo kwa kawaida hutokeza mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi. Spoku ya baiskeli au wembe unaokichimbua unaweza kumletea mtoto uambukizo wa damu na upungufu wa damu, na unaweza pia kugusa kichipukizi cha jino la kudumu kilichojificha chini yake. Ndiyo maana tunawaona watoto wa shule wasio na chonge, au wenye chonge zilizoota zimepinda na zina mabaka.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwacheka wataalamu wa jadi. Ukweli ni kwamba sisi tunaovaa makoti meupe tumeanguka katika mtego huo huo, na mfano ulio wazi kuliko yote ulipatikana humu humu Uganda.

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto anayeletwa akiwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu ya moyo, damu yake haizunguki vya kutosha, na kwamba tiba yake ni kumtundikia dripu na kumwingizia maji mengi kwa haraka ndani ya saa moja. Hoja ilikuwa nzuri, na macho nayo yaliiunga mkono, kwa maana mara nyingi mtoto akishaingiziwa maji mikono hupata joto na mapigo huimarika mbele ya mzazi. Mwaka 2009 ulianza utafiti uliojulikana kwa jina la FEAST katika hospitali sita: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor hapa kwetu, Kilifi nchini Kenya na Muheza nchini Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili likapewa mmumunyo wa albumini, protini ya damu, kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka, bali lilipata matibabu mengine yote: dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni, damu kwa aliyehitaji, na maji ya polepole ya kumtosheleza.

Wengi walitarajia kundi la tatu ndilo lingepoteza watoto wengi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuwa kinyume. Ndani ya saa 48 walikufa watoto 10.6 kwa kila 100 katika kundi la albumini, 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na 7.3 katika kundi ambalo halikuongezewa maji ya haraka. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ilisimamisha utafiti kabla haujafikisha idadi iliyokusudiwa. Takriban watoto watatu zaidi kwa kila mia walikufa kwa sababu ya tiba ambayo kila mmoja wetu aliiamini, na jambo lililonikosesha usingizi nilipousoma uchambuzi uliofuata ni kwamba watoto waliopewa maji kweli walionekana nafuu zaidi katika saa ya kwanza. Muuguzi aliyesema "tazama, ameamka" hakuwa anajidanganya. Vifo vilikuja baadaye, moyo na mzunguko wa damu uliposhindwa, na hakuna daktari aliyesimama kando ya kitanda kimoja angeweza kuona tofauti ya watoto watatu katika mia. Tofauti ya ukubwa huo huonekana tu unapokusanya maelfu na kuwalinganisha.

Hapa naomba msomaji asikimbilie hitimisho lisilo lake. Utafiti ule haukuwahusisha watoto waliokaukiwa maji kwa kuharisha wala wenye utapiamlo mkali. Mzazi atakayekataa dripu ya mtoto anayeharisha na kutapika, kwa kuwa amesikia kwamba dripu inaua, atakuwa amelitumia jibu la swali jingine. Kila utafiti hujibu swali lililoulizwa kwa watu walioulizwa, na swali la kwanza la kumuuliza anayekuletea habari ya utafiti ni hilo: walikuwa akina nani?

Kugawanya watu kwa bahati nasibu huwatisha wengi, na lugha yetu haitusaidii, kwa kuwa maneno hayo hukumbusha kamari. Sababu yake ni ya haki kabisa. Daktari akiachiwa achague, atampa dawa mpya mgonjwa anayemwonea huruma zaidi au yule anayeonekana ana nguvu ya kuistahimili, na mwishoni hatutajua kama ni dawa iliyomponya au ni nguvu aliyokuja nayo. Bahati nasibu huyachanganya makundi mpaka yanafanana kwa umri, kwa ukali wa ugonjwa, kwa umbali wa nyumbani, hata kwa mambo ambayo hatukufikiria kuyapima. Tofauti itakayojitokeza baada ya hapo ina mahali pamoja pa kutoka.

Wastani nao unaweza kuficha mambo mawili yanayopingana. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa TRACT, uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto wenye upungufu mkubwa wa damu, ambapo waliokuwa wakipewa mililita 20 za damu kwa kila kilo ya uzito walilinganishwa na waliopewa 30. Kwa jumla vifo havikutofautiana, na mtu mwenye haraka angesema kiasi cha damu hakina maana. Watafiti walipowatenganisha watoto kwa homa, picha ikabadilika: wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa, na wenye homa kikawadhuru. Ndiyo sababu muuguzi anayejua kazi yake hutafuta kipimajoto kabla ya kufungua mfuko wa damu, na mzazi anayeona anacheleweshwa anastahili kuelezwa hivyo.

Hata wakati wa kuanza dawa hupimwa. Mtu mwenye VVU aliyepata homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu wa kriptokoka anahitaji ARV, hilo halina ubishi, na busara ya kawaida husema aanze leo. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kati ya walioanza ARV ndani ya wiki moja au mbili, asilimia 45 walikuwa wamekufa kufikia wiki ya 26, na kati ya waliosubiri wiki tano hivi, asilimia 30.

Kuhusu namba, nina jambo moja la kuwaomba waandishi wa habari na wenzangu pia. Mkisema hatari imepungua kwa nusu, semeni nusu ya nini. Utafiti wa tohara wa Rakai, wilaya ya hapa Uganda, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia karibu wanaume 5,000 kwa miaka miwili. Katika kundi lililotahiriwa mwanzoni waliambukizwa VVU 22, na katika kundi lililosubiri waliambukizwa 45. Hiyo ndiyo nusu tunayoizungumza. Ni faida kubwa kwa taifa zima, na bado wale 22 walikuwa wametahiriwa. Kwa hiyo anayeacha kondomu kwa sababu ametahiriwa ameielewa habari upande mmoja. Utafiti wa Mulago wa nevirapini, dawa ya kupunguza makali ya VVU, ambao matokeo yake ya mwaka 1999 yalijulikana dunia nzima, nao ulikuwa hivyo: dozi moja kwa mama wakati wa uchungu na moja kwa mtoto ilishusha maambukizi yaliyopimwa kufikia wiki ya 14 hadi ya 16 kutoka takriban watoto 25 kwa kila 100, kwa waliopewa zidovudini, dawa nyingine ya VVU, kwa muda mfupi, hadi 13. Watoto 13 ni wengi. Ndiyo maana leo mama mjamzito hapewi dozi moja tu, bali huanzishiwa ARV na kuendelea nazo.

Kwenye meno tuna bahati ambayo matabibu wa moyo hawana, kwa kuwa kila kinywa kina upande wa kulia na wa kushoto, na mtafiti anaweza kuziba jino la huku kwa njia moja na la kule kwa njia nyingine. Njia hiyo ina kasoro yake, kwa sababu floridi, dawa ya kukinga meno yasioze, iliyopakwa kulia huchukuliwa na mate hadi kushoto. Tafiti za aina mbalimbali ndizo zilizotuonyesha kwamba kuziba jino kwa vifaa vya mkono na simenti, bila mashine wala umeme, mbinu iliyoanzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, hudumu vizuri pale tundu lilipo kwenye uso mmoja wa jino, na hushindwa mapema zaidi tundu linaposhika nyuso mbili au zaidi. Mgonjwa wa kituo cha afya kisicho na umeme anayezibwa tundu dogo kwa mkono hajapewa tiba ya kimaskini.

Mtu ataniuliza kwa nini basi hatuwagawi watoto kwa bahati nasibu ili tupime ebiino. Hatuwezi, na hakuna kamati ya maadili itakayoidhinisha kumkata mtoto mzima ufizi ili tujue atapata madhara kiasi gani. Utafiti wowote wa watu nchini lazima upitiwe na kamati ya namna hiyo na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ukialikwa kushiriki, omba fomu ya ridhaa katika lugha unayoisoma, na ujue kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.

Yule mama nilimsafishia mtoto kidonda, nikampeleka kwa daktari wa watoto aangaliwe damu, na nikampa pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, za kuweka nyumbani. Akazigeuza mkononi, kisha akaniuliza swali ambalo nilistahili kuulizwa: "Na haya maji yenu, mliyapimaje?" Nilimweleza kwamba mwaka 1971, wakati wa vita vya kuundwa kwa Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, dripu zikaisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaagiza maji ya chumvi na sukari yanyweshwe wagonjwa na ndugu zao wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 kwa kila 100 hadi chini ya vinne. Hapakuwa na bahati nasibu pale. Tafiti zilizolinganisha makundi zilikuwa zimetangulia kufanyika miaka michache kabla mjini Dhaka, ambao sasa ni mji mkuu wa Bangladesh, na tofauti ya kambini ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliyesimama kando ya kitanda kimoja angeweza kuiona.

Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua kipimo. Nikamwambia pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko, ziwa lisiachwe, na vidonge vya zinki kwa siku kumi hadi kumi na nne, miligramu 10 kwa siku kwa mtoto aliye chini ya miezi sita na 20 akishaivuka. Akarudia kwa hesabu yake mwenyewe huku akimfunga mtoto mgongoni: "Chupa mbili za nusu lita."