Nani hasa alifungwa kwenye reli?

Wengi huamini kwamba filamu bubu za Marekani zilijaa wasichana waliofungwa kamba relini na jambazi mwenye masharubu, wakimsubiri steringi awahi kabla ya treni. Imani hiyo ina msingi mdogo. Mifano inayorudiwa zaidi, ile ya mwaka 1913 ambamo Mabel Normand anafungwa relini na Ford Sterling, na ile ya 1917 ya Gloria Swanson, ni vichekesho vilivyodhihaki mtindo uliokwisha kuchakaa jukwaani.

Mtindo wenyewe ulivuma kutokana na tamthilia ya Augustin Daly, "Under the Gaslight", iliyoonyeshwa New York mwaka 1867. Humo anayefungwa relini ni mwanamume, Snorkey, askari wa zamani aliyepoteza mkono mmoja vitani, naye Laura, mhusika mkuu wa kike, aliyefungiwa katika kibanda cha stesheni, anauvunja mlango kwa shoka huku treni ikikaribia, kisha anamwondoa. Snorkey, pumzi hazijamtulia vizuri, anashangaa kwamba wanawake wa namna hii ndio wanaonyimwa kura.