Filta ya umeme kwa ajili ya muziki wa nyumbani: sikiliza kelele kabla ya kushika pasi ya risasi

Mzee mmoja wa Magomeni alinijia na amplifaya mkononi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Fundi, nitengenezee hicho kidude cha kusafisha umeme. Hii inanguruma usiku kucha.”

Sikumtengenezea. Nilimwomba arudi nayo nyumbani, aiunganishe kama kawaida, kisha achomoe waya wa dishi nyuma ya king'amuzi na asikilize. Jioni akanipigia simu: mngurumo umekwisha, ila sasa hapati taarifa ya habari. Dishi lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa chini, na amplifaya ilikuwa na ethi yake kupitia plagi. Njia mbili za kwenda ardhini, na kati yake waya mwembamba wa sauti uliogeuzwa daraja la umeme wa ethi. Hapo ungeweka filta ya bei yoyote, mngurumo ungebaki palepale. Tiba ilikuwa kutenganisha king'amuzi na amplifaya kwa kitransfoma kidogo cha sauti.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu filta wanasumbuliwa na kitu ambacho filta haikiwezi. Mngurumo mzito wa hezi 50 au 100 ni wa ethi, au kapasita za pawasaplai zilizochoka. Filta ya kawaida inaupitisha kama ulivyo, na ni lazima ifanye hivyo, maana hezi 50 ndiyo umeme wenyewe unaouhitaji. Ikiwa spika ziko kimya lakini transfoma ya duara ndani ya boksi inatetemeka na kuunguruma, hiyo ni habari nyingine, nitaigusa mbele.

Kinachozuiwa na filta ni ule mkwaruzo mkavu, mlio kama wa nyuki wa mbali, unaobadilika mtu akiwasha taa ya LED au akichomeka chaja. Na anayechafua umeme mara nyingi ni sisi wenyewe, ndani ya nyumba hiyohiyo. Kila chaja, adapta ya ruta na king'amuzi kina saketi inayokata na kuunganisha umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kilohezi 65 utaikuta kwenye nyingi sana, na si kwa bahati: kanuni za kupima uchafu unaorudi kwenye nyaya kwa kawaida huanzia kilohezi 150, hivyo mara mbili ya 65, yaani 130, bado inapita chini ya mlango. Wajanja watengenezaji hao.

Sikio halisikii kilohezi 65, kweli. Lakini transista ya mwanzo ya amplifaya inapoingiliwa na uchafu huo huufanyia kile kile ambacho diodi ya redio hufanya kwa mawimbi: inapitisha upande mmoja tu wa wimbi, na kupanda na kushuka kwake kunageuka sauti. Ndiyo maana mlio hubadilika simu inapokaribia kujaa chaji.

Sasa kazi yenyewe. Moyo wa filta ni koili yenye nyaya mbili zilizozungushwa kwenye pete moja ya ferite, moja ya laini (waya wenye umeme) na nyingine ya nyutro (waya wa kurudi). Usinunue mpya, zimo kwenye pawasaplai za kompyuta zilizokufa, na Kariakoo utazipata kwa wauza vyuma chakavu. Chagua yenye waya mnene. Mkondo wa amplifaya unaingia kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, nguvu zake za sumaku zinafutana, na pete haishibi, yaani haijai sumaku, hata ukipiga besi. Uchafu unaosafiri kwa nyaya zote mbili upande mmoja ndio unaokutana na ukuta. Ila ukigeuza ncha za waya mmoja, pete inashiba na filta haina kazi. Pima hivi: unganisha nyaya mbili kwa mfululizo, soma mita ya kupima henri, geuza waya mmoja, soma tena. Mkao mmoja utakupa karibu sifuri, mwingine mara nne ya koili moja. Ule wa karibu sifuri unakuonyesha namna mkondo wa amplifaya unavyopaswa kupita: kwenda kwa waya mmoja, kurudi kwa mwingine.

Kabla na baada ya koili weka kapasita ya daraja X2, iliyoidhinishwa kukaa kati ya laini na nyutro, mikrofaradi 0.47 kila moja. Koili ya milihenri 10 huwa na mabaki ya kama mikrohenri 100 yasiyofutana, na mabaki hayo pamoja na 0.47 yanaanza kuzuia kwenye kilohezi 23 hivi. Juu ya hapo ndipo ulipo uchafu unaotaka kuuzuia. Usiweke kapasita ya kawaida iliyoandikwa volti 400 ukadhani umepata nafuu ya bei: hizo ni za umeme wa moja kwa moja, kama wa betri, na ikifa inaweza kuwaka moto. Zile za karatasi za zamani, zenye ganda la rangi ya asali, zitupe hata kama mita inasema nzima. Ganda hupasuka, unyevu unaingia, na siku moja chumba kinajaa moshi wenye harufu usiyoisahau.

Sambamba na kapasita weka rezista mbili za kiloomu 220 kwa mfululizo. Mbili, kwa sababu rezista ndogo moja mara nyingi imeidhinishwa kwa volti 250 tu, na kilele cha umeme wetu ni volti 325. Bila hizo, ukichomoa plagi na kugusa pini, kapasita itakusalimia.

Halafu kapasita za daraja Y2, zilizoidhinishwa kufungwa kwenye ethi, kutoka laini kwenda ethi na kutoka nyutro kwenda ethi. Hapa naomba usome polepole. Nyumba yako ina ethi ya kweli, au kuna tundu la tatu ukutani lisilokwenda popote? Kama ethi haipo, kapasita hizo mbili zinagawana volti 230 katikati na boksi lako la chuma linakaa kwenye volti 115. Kwa nanofaradi 4.7 mkondo ni kama miliampea 0.34, hauui, lakini unatekenya vidole, na kila kifaa kingine chenye Y2 kinaongeza chake. Asiye na ethi aziache kabisa, na atumie boksi la plastiki gumu. Mwenye ethi afunge boksi la chuma kwenye ethi kwa skrubu yake, na waya wa kuingia usikae jirani na wa kutoka, la sivyo uchafu utaruka koili kama mbuzi anavyoruka ua.

Mbele ya vyote, fyuzi ya ampea 5 kwenye plagi, kisha varista, kidude kinachomeza umeme unaporuka ghafla. Ile ya volti 275 naikwepa mahali ambapo umeme hupanda usiku. Naweka 320, na fyuzi ya joto, inayokata umeme varista ikichemka, imeigusa. Varista inameza mshtuko wa kitambo tu. Nyutro ya mtaa ikikatika na nyumba ikapokea volti zinazokaribia 400, itachemka hadi ipasuke. Na umeme ukishuka hadi 170, filta haina la kufanya. Hiyo ni kazi ya stabilaiza.

Ile transfoma ya duara inayonguruma yenyewe? Mara nyingi kuna umeme wa moja kwa moja kidogo juu ya laini, mfano mashine ya kukausha nywele ikiwa kwenye nusu joto, inayotumia upande mmoja tu wa wimbi. Pete ya chuma inaegemea upande na kushiba. Dawa yake ni kapasita mbili kubwa zilizopeana migongo, na diodi nene za kuzilinda. Nitaiandikia siku yake.

Filta ya nyumbani kwangu niliijenga 2017. Mwezi uliopita niliifungua kuipima: moja ya zile X2 za 0.47 ilisoma 0.31. Unyevu wa pwani na kutu ya utando wa metali ndani yake vimeila kidogokidogo. Nimeibadilisha. Koili ya kompyuta iliyokufa bado ile ile.