Upungufu wa karnitini: nani anahitaji dawa, nani anauziwa tu

Siku hizi watu wanafika dirisha la dawa hapa Mbeya wakiulizia karnitini, ile inayonadiwa mitandaoni kuwa inayeyusha kitambi. Wengi wao hawana upungufu wowote. Anayeweza kuwa nao huenda hajawahi hata kulisikia jina hilo: mtoto anayetumia valproeti kwa ajili ya kifafa, au mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine.

Karnitini hupitisha mafuta hadi ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nguvu. Ikipungua, mafuta yapo lakini hayatumiki. Misuli na moyo hudhoofu, ini hujaa mafuta, na mtoto akikaa na njaa sukari ya damu hushuka ghafla. Nyama nyekundu inayo kwa wingi, ila mla ugali na maharage asiogope: mwili hujitengenezea kutokana na laisini na methionini, ambazo ni viini vya protini, na maharage yana laisini ya kutosha huku mahindi yakiongeza methionini. Nalisema hili kwa sababu utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5, na takwimu kama hiyo ni chambo kizuri kwa mchuuzi wa virutubisho. Udumavu hautibiwi kwa kopo la karnitini.

Upo upungufu wa kurithi, unaotokana na hitilafu ya jeni SLC22A5 kutoka kwa wazazi wote wawili. Katika Visiwa vya Faroe humpata takriban mtu 1 kati ya 300. Japani ni kama 1 kati ya 40,000. Nchi zinazopima tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga humgundua kabla moyo haujatanuka. Kwetu kipimo hicho hakifanywi kwa kila mtoto, hivyo familia iliyopoteza mtoto kwa moyo kutanuka au sukari kushuka bila sababu kujulikana imweleze daktari mapema, hasa ikitarajia mwingine.

Upande wa kifafa ndio unaotugusa zaidi. Mbozi na Mbeya ni maeneo ya wafuga nguruwe, na tegu wa nguruwe yupo. Tegu huyo anaweza kuleta kifafa, na wengi hudhani kifafa hicho hutokana na kula kitimoto. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Mayai ya tegu huyo, yakitoka na kinyesi na kuingia kinywani kwa mikono au mboga chafu, ndiyo huzaa malengelenge kwenye ubongo. Valproeti ni mojawapo ya dawa za kuzuia degedege, nayo hupunguza karnitini, hasa kwa watoto wadogo. Mtoto anayeitumia akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Msimwachishe dawa wenyewe nyumbani. Degedege linaweza kurudi mfululizo.

Tiba ni levokarnitini, yaani karnitini ya aina ya L, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa jina la Carnitor. Siku hizi viwanda mbalimbali huitengeneza. Ukisikia soko lake linakua, uliza ni soko lipi. La hospitali husukumwa na upimaji wa watoto wachanga na ongezeko la wagonjwa wa figo, ingawa miongozo haishauri kila anayesafishwa damu apewe. La mazoezi husukumwa na matangazo. Kwa maoni yangu, huku Nyanda za Juu Kusini la kwanza litabaki dogo mpaka maabara ziweze kupima, maana hakuna mwagizaji anayeleta dawa ya ugonjwa usioandikwa kwenye cheti.

Anayenunua kopo dukani atazame iwapo limesajiliwa, na iwapo ni aina ya L. Aina ya D huizuia ile halisi kufanya kazi. Mwenye figo dhaifu, au anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asimeze kabla ya kumwona daktari. Wengine wote wanaweza kupata kichefuchefu, kuhara na, dozi ikizidi, mwili kunuka shombo ya samaki.