Sentensi za Mwandishi Mwingine Zinapohamia Sikioni Mwako

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya riwaya, na mara nyingi huweza kuonyesha kwa kidole ukurasa ambapo mwandishi, akiwa katikati ya kisa chake, alianza kusoma kitabu kilichomteka. Msamiati haubadiliki sana, wahusika ni walewale. Kinachobadilika ni mwendo wa sentensi. Zilizokuwa zikitiririka zinaanza kukatika, au zilizokuwa fupi zinarefuka na kujikunja, na mwandishi mwenyewe nikimwuliza huniambia kwamba hajaona tofauti yoyote. Ninamwamini, kwa sababu yalishanikuta mimi pia.

Tunapoisifu nathari fulani husema lugha yake ni tamu, kisha tukiulizwa utamu huo uko wapi hunukuu tashbiha au sitiari. Hizo ndizo zinazokumbukwa kwa urahisi, lakini kwa maoni yangu kinachotuloga kimejificha zaidi ndani ya sarufi. Chukua sentensi hii niliyoitunga kwa ajili ya mfano: «Alifika, akavua viatu, akaketi, akanyamaza.» Kiambishi -ka- kinakabidhi tendo moja kwa jingine, na msomaji anabebwa bila kutua. Sasa soma matendo yaleyale: «Alifika. Alivua viatu. Aliketi. Alinyamaza.» Kwa kurudiarudia -li-, kila tendo limetengwa na mwenzake, na tunahisi ubaridi ambao hakuna neno hata moja lililoutaja. Kisha kuna njia ya tatu: «Alifika, akavua viatu, akaketi, salamu hakuitoa.» Mazoea yangetupa «hakutoa salamu». Kwa kuitanguliza salamu, mwandishi ameiweka chumbani mbele ya macho yetu kabla ya kutujulisha kwamba haikutolewa, na ukimya wa mtu yule unakuwa mzito kuliko ambavyo kielezi chochote kingeufanya. Mwandishi anayefanya hivyo mara kwa mara, kwa kipimo chake mwenyewe, anatuzoesha kuyapokea mambo kwa mpangilio wake.

Marcel Proust, mwandishi wa riwaya wa Ufaransa, aliliona jambo hili kwa undani. Katika makala yake ya mwaka 1920 kuhusu mtindo wa Gustave Flaubert, mwandishi mwenzake Mfaransa aliyemtangulia, hakushughulika sana na sitiari, ambazo aliziona dhaifu kwa mwandishi huyo; alichambua matumizi ya njeo ya wakati uliopita usiotimilika (ya tendo lililokuwa likiendelea), ya viwakilishi, na hata ya kiunganishi cha Kifaransa kinacholingana na «na» yetu. Kwake, Flaubert alikuwa amebadilisha namna ya kuuona ulimwengu kwa kuvitumia vipashio hivyo vidogo kwa njia mpya. Sijasoma uchambuzi mwingine unaoheshimu kiasi hicho maneno ambayo msomaji huyapita bila kuyatazama.

Mbona basi mtindo huo hutuambukiza bila idhini yetu? Mwaka 1986 mwanasaikolojia Kathryn Bock alichapisha majaribio ambamo washiriki walirudia sentensi walizozisikia, kisha wakaeleza picha zisizohusiana nazo. Waliotoka kutamka sentensi ya kauli ya kutendwa walielekea zaidi kuieleza picha kwa kauli hiyohiyo, ingawa habari yenyewe ilikuwa nyingine kabisa. Kwa maneno mengine, umbo la sentensi linaweza kubaki akilini na kutumika tena hata pale maneno yake yanapoachwa. Ikiwa sentensi moja inaweza kuacha alama kama hiyo, naona si ajabu kwamba kurasa mia nne za mtu tunayempenda, tulizozisoma usiku baada ya usiku huku tukizisikia kimoyomoyo, zinatuachia zaidi.

Wapo wanaowashauri waandishi waache kabisa kusoma riwaya wakati wanapoandika. Siupendi ushauri huo. Unamnyima mtu furaha kubwa, na wala haumfundishi kilichomteka ni nini. Proust alipendekeza kinyume chake: uige kwa makusudi, waziwazi, mpaka uishe hamu, ili usije ukaendelea kuiga bila kujua. Naye alikuwa amelifanya zoezi hilo. Mwaka 1908, katika gazeti la *Le Figaro*, alilisimulia tukio moja, kesi ya tapeli aliyedai kuweza kutengeneza almasi, kwa mitindo ya waandishi mbalimbali, wakiwamo Balzac na Flaubert mwenyewe.

Nilipotekwa mimi na mwandishi mmoja, kwa miezi kadhaa hata ripoti zangu za miswada zilianza kutanguliza shamirisho, yaani kile kinachotendewa: «dosari hii nimeiona», «sura ya pili nimeirudia». Mwenzangu kazini ndiye aliyenishtua. Niliketi nikaandika kurasa tatu nzima kwa mtindo wa mwandishi yule, nikitia kila alama yake niliyoijua, kisha nikayasimulia mambo yaleyale kwa namna yangu na kuyaweka maandiko mawili ubavu kwa ubavu. Mhusika wake aliingia, akaketi, na salamu hakuitoa. Wangu aliingia na kusimama kando ya kiti, akisubiri aambiwe akae. Sikuwa nimepanga iwe hivyo, na tangu siku ile kiti kile nimekibakiza.