Kuamini kwamba Mungu yupo na kumtegemea Mungu, ni kitu kimoja?

Hapana, sio kitu kimoja, ila watu wanachanganya sana na wala siwalaumu maana neno tunalotumia ni lile lile, kuamini. Ila cheki hapa, "naamini kwamba Mungu yupo" na "namwamini Mungu", hako ka -mw- ka katikati kamebadilisha kila kitu. Ya kwanza unakubali habari kwamba ni kweli, basi. Ya pili kuna mwenyewe pale, na kuna kitu chako unakiacha mikononi mwake.

Ile ya kwanza ndo itikadi. Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kufunga fundo, yaani jambo ulilolifunga moyoni: Mungu ni mmoja, kuna siku ya hukumu na kadhalika. Waislamu wa Sunni wana nguzo sita za imani, Wakristo wana Kanuni ya Imani. Hizi unaweza ukakaririshwa utotoni ukafaulu mtihani wa dini kwa maksi za juu na usiwahi kumtegemea Mungu hata siku moja. Na Yakobo 2:19 inasema mashetani nao wanaamini Mungu ni mmoja, tena wanatetemeka kabisa, kwahiyo shida yao sio itikadi.

Sasa chukulia jirani yako, unajua kabisa ni mwaminifu na ukiulizwa popote utamsifia, lakini siku unasafiri funguo za nyumba unamwachia? Na ukimwachia, unalala, au unapiga simu kila baada ya lisaa kuuliza kama mlango umefungwa? Ule usingizi ndo ninaouongelea. Sio bure neno amana linatoka ukoo mmoja na imani.

Hapa kuna wanaosema aah, kwahiyo kutegemea ni kukaa tu umekunja mikono. Hapana bwana. Kuna hadithi kwenye mkusanyo wa Tirmidhi, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi za Mtume Muhammad, mtu anamuuliza Mtume amfunge ngamia wake ndo atawakali, yaani amtegemee Mungu, au amwache tu atawakali, akajibiwa mfunge kisha tawakali.

Na upande wa pili pia upo, ambao mi naona unasahaulika. Mtu anaweza akawa hawezi kukueleza Utatu hata kidogo, maswali kichwani kibao, na bado anamtegemea Mungu kuliko mwalimu wake wa dini. Zaburi ya 22 inaanza na "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha", huyo analalamika, tena vibaya, ila analalamika kwa nani? Kwa huyo huyo Mungu! Sisemi itikadi haina kazi, maana huwezi kumwachia funguo mtu ambaye hujui kama yupo. Ila unakuta mtu anabishana masaa matatu kuhusu sifa za Mungu, anashinda, halafu saa nane usiku anasubiri majibu ya vipimo vya hospitali na hana hata neno moja la kumwambia.