Kolabo za wazee wa kantri: nani aliimba na nani, na nani hakuwepo

Mjomba wangu wa Nakuru hana mzaha na vitu viwili: ng'ombe wake na Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani. Krismasi iliyopita niliropoka mezani kwamba Jim Reeves na mwimbaji mwenzake Patsy Cline hawajawahi kuimba pamoja hata siku moja. Mjomba akainuka bila neno, akaingia chumbani, akarudi na kaseti iliyopauka jalada: picha mbili, majina mawili. "Na hawa ni nani, wewe msomi?" Wote wakacheka. Mbele ya mjomba huwezi kubishana ukamaliza, kwa hiyo nikala chapati zangu kimya. Nayamalizia hapa.

"Nikisikia sauti mbili, basi walikuwa wawili studio"

Patsy Cline alifariki kwa ajali ya ndege ndogo tarehe 5 Machi 1963, karibu na Camden, Tennessee. Jim Reeves naye akafuata tarehe 31 Julai 1964, ndege aliyokuwa akiiendesha mwenyewe ilipoanguka kwenye mvua karibu na Nashville. Ule wimbo wao wa pamoja, "Have You Ever Been Lonely", ulitoka mwaka 1981. Fanya hesabu mwenyewe.

Ilivyokuwa ni kwamba kila mmoja alishaurekodi wimbo huo kivyake, tena kwa kampuni tofauti: Jim alikuwa RCA, Patsy Decca. Bahati nzuri kanda walizotumia studio za Nashville miaka hiyo zilikuwa na njia tatu, na sauti ya mwimbaji ilikaa kwenye njia yake, mbali na vyombo. Owen Bradley, aliyemrekodi Patsy enzi za uhai wake, akazitoa zile sauti mbili, akazipanga ziende sambamba, kisha wanamuziki wakaingia studio kupiga muziki mpya chini yake. Kusema ni rahisi. Mwimbaji wa kantri hafuati saa. Hapa anavuta neno, pale analiwahi, na marehemu huwezi kumwomba arudie mstari. Kazi yote ya kulingana ilibidi ifanywe na fundi. Alifanikiwa, kwa sababu wimbo uliingia tano bora za chati ya kantri Marekani, na mjomba wangu kwa miaka yote hiyo hajashuku kitu.

Hata haukuwa wa kwanza wa aina yake. Mwaka 1979 RCA walishaanza kumwimbisha Jim na dada mmoja aitwaye Deborah Allen, na nyimbo zao tatu zikaingia kumi bora. Deborah alikuwa mtoto wa miaka 10 Jim alipofariki. Willie Nelson naye, kwenye albamu yake ya kolabo ya 1985, *Half Nelson*, ana wimbo na Hank Williams, aliyeaga dunia siku ya mwaka mpya 1953 Willie akiwa kijana wa miaka 19. Walichukua rekodi ya majaribio aliyoacha Hank, Willie akaongeza sauti yake.

Kuna watu hili linawakera, wanaona ni kufukua makaburi kwa ajili ya pesa. Mimi linanikera nusu. Nikimsikia Deborah Allen namwona mtu anayeimba na picha ya ukutani. Lakini Jim na Patsy, sijui niseme nini, zile sauti zimekaana kama za watu waliolelewa nyumba moja.

"Kenny na Dolly walikuwa mke na mume"

Hii nimeisikia kwenye matatu, kwenye saluni, na mara moja kwenye hotuba ya harusi. Hapana. Dolly Parton aliolewa na Carl Dean mwaka 1966 na wakadumu mpaka Carl alipofariki mwaka 2025. Kenny Rogers alioa mara tano, na Dolly hayumo kati ya hao watano. Walipoimba "Islands in the Stream" mwaka 1983, kila mmoja alikuwa na mwenzi wake nyumbani.

Na hadithi yenyewe ni tamu kuliko ya mapenzi. Wimbo ule hawakuutunga wao. Ni wa Bee Gees, wale ndugu watatu wa akina Gibb. Barry Gibb ndiye alikuwa akimtayarishia Kenny albamu. Kenny alisimulia baadaye kwamba aliuimba peke yake siku nne nzima mpaka ukamchosha, akamwambia Barry hata haupendi tena. Barry akasema hapa anatakiwa Dolly Parton. Meneja wa Kenny akadakia: mbona nimemwona sasa hivi hapo chini? Wakamwita, akaja. Ukiusikiliza tena, tega sikio pale Dolly anapoingia na ubeti wake. Muziki unabadilisha kii, yaani ngazi ya sauti ambayo wimbo umekalia. Sauti ya mwanamume na ya mwanamke hazikai ngazi moja, na wimbo unaompendeza mmoja unaweza kumkaba mwenzake. Hapo muziki umemhamia Dolly alipo. Watu wa kwaya wananielewa.

Conway Twitty na Loretta Lynn nao walisingiziwa hivyo hivyo. Kuanzia 1971 hadi 1975 walitoa nyimbo tano mfululizo zilizofika namba moja kwenye chati ya kantri, nyingi za watu wanaopendana kwa siri, na mashabiki wakaamini. Loretta alikuwa mke wa Oliver Lynn muda wote huo. Conway alipougua ghafla Juni 1993, alikimbizwa hospitali ya Springfield, Missouri, ambako kwa sadfa Loretta alikuwa akimuuguza mumewe aliyefanyiwa upasuaji wa moyo. Conway alifia hapo.

Waliokuwa mke na mume kweli ni George Jones na Tammy Wynette. Walioana 1969, wakaachana 1975. Na "Golden Ring", wimbo wa pete ya ndoa, waliupeleka namba moja mwaka 1976, talaka ikiwa imeshatoka.

"Mzee akianza kolabo, jua sauti imekwisha"

Si uongo mtupu. Zipo albamu ambazo mzee anasikika kama mgeni kwenye sherehe yake mwenyewe, vijana wamembeba kila kiitikio. Lakini usiifanye kanuni. Willie Nelson alipotimiza miaka 80, mwaka 2013, alitoa *To All the Girls...*, nyimbo 18 na wanawake tupu: Dolly, Loretta, Mavis Staples, Norah Jones, hata binti yake Paula. Ilishika nafasi ya 9 kwenye chati kuu ya albamu Marekani, na hakuwa amefika juu hivyo tangu 1982. Sauti ya Willie haikuwa kubwa hata ujanani. Yeye huchelewa nyuma ya mdundo makusudi, na mwenzake ndiye anayetafuta pa kukanyaga.

Albamu ninayoirudia mimi ni ya kolabo ya George Jones ya mwaka 2008, *Burn Your Playhouse Down*. Wengi wanadhani mzee wa miaka 76 aliingia studio na wageni wote wale. Nyingi ni rekodi zilizokuwa zimelala kabatini, kadhaa zikiwa masalia ya kazi aliyoifanya mwaka 1994 na watu kama Keith Richards wa Rolling Stones. Tammy yumo, kwa sauti ya 1977, na alishafariki 1998. Na Georgette yumo pia, binti waliyemzaa pamoja, akiimba na baba yake. Mama na binti kwenye albamu moja, na baba katikati. Kuna aliyeandika kwamba ni makombo. Makombo ya George Jones nitayala.

Pasaka nilipanda tena Nakuru. Safari hii sikuanza na mdomo. Niliomba tu kaseti, nikaigeuza, nikamwonyesha mjomba yale maandishi madogo ya nyuma. Akavaa miwani. Akasoma "1981" kwa sauti, akahesabu kwa vidole kutoka 1964, akaanza tena kutoka mwanzo. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna redio inayocheza kaseti vizuri, maana yake siku hizi inazitafuna, na hii hataki itafunwe.