Dhoruba katika West Coast Trail: dhana potofu na ukweli

Januari 1906, meli ya abiria Valencia, iliyokuwa ikitoka San Francisco kwenda Seattle, ilipitiliza mlango wa bahari wa Juan de Fuca katika hali mbaya ya hewa na kugonga miamba ya kisiwa cha Vancouver, Kanada. Watu zaidi ya 100 walikufa. Hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyepona. Baada ya msiba huo, njia ya mafundi wa telegrafu iliyopita msituni kandokando ya pwani hiyo iliboreshwa ili manusura wa meli wapate pa kupita. Leo ndiyo West Coast Trail, kilomita 75 za ngazi, matope, mchanga na mawe, ambazo watu hutembea kwa siku sita au saba wakiwa na hema na chakula mgongoni. Dhoruba iliyozaa njia hiyo haijahama, na mengi yanayosemwa juu yake yanaweza kumponza mtu.

"Kiangazi hakuna dhoruba." Njia hufunguliwa Mei hadi Septemba tu kwa sababu miezi mingine ni hatari zaidi. Lakini hata Julai mvua inaweza kunyesha siku tatu mfululizo. Pwani hii hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, mara mbili na zaidi ya Dar es Salaam.

"Mimi mtoto wa pwani, maji nayajua." Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ujuzi wetu wenyewe unaweza kutudanganya. Unguja au Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kupwa kwa asubuhi hakupishani sana na kwa jioni. Kisiwani Vancouver mapwa mawili ya siku moja hayalingani. La kwanza laweza kuacha ufuo mtupu, la pili likashuka kidogo tu. Kwa hiyo kujua saa hakutoshi, lazima ujue na kimo. Owen Point, upande wa kusini wa njia, hupitika maji yakiwa chini ya mita 1.8. Yakizidi hapo, unabanwa kati ya jabali na bahari. Halafu kuna mtego mwingine: baadhi ya majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji huandikwa bila kuongeza ile saa moja ambayo saa za huko husogezwa mbele wakati wa kiangazi.

Tena jedwali hukokotolewa kwa mwendo wa mwezi na jua. Dhoruba haimo. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali 30, bahari hupanda kama sentimita 30, na upepo wa kuelekea nchi kavu huongeza juu yake. Jedwali likisema mita 1.6 siku ya tufani, mimi nasema usipite. Panda juu, fuata njia ya msituni, hata kama ni ngazi na matope kutwa nzima.

"Hesabu mawimbi saba, kubwa likishapita, vuka." Bahari haina hesabu hiyo. Mawimbi huja kwa makundi, na kubwa kupita yote laweza kuja baada ya robo saa ya utulivu. Linalotisha zaidi ni magogo yaliyolala ufukweni. Maji ya kimo cha goti yanatosha kuliinua gogo la tani nzima na kulibiringisha juu ya mtu. Usipumzike juu yake bahari ikichafuka, na hema lipigwe juu kabisa ya mstari wa mwani uliotupwa na maji.

"Nina koti zuri la mvua." Baada ya saa nne za kupanda ngazi, jasho limekulowesha kwa ndani. Baridi ya kuua haihitaji barafu: nyuzi 10 za Selsiasi, nguo mbichi na upepo vinatosha. Acha fulana za pamba, vaa sufu, na ufunge nguo moja kavu ya kulalia kwenye mfuko usiopenyeza maji. Mwenzako akianza kujikwaa na kuropoka, simamisha safari hapo hapo.

"Kifaa cha setelaiti kipo, wataniokoa." Ujumbe utafika. Lakini boti haiwezi kutia nanga penye mawimbi yanayovunjika, na helikopta husubiri ukungu uondoke. Huenda ukalala na mgonjwa usiku mzima, kwa hiyo hema na jiko ndivyo vya kutegemea kwanza.

"Mto usipovukwa leo, kesho utakuwa mbaya zaidi." Mito mingi midogo ya hapa ni mifupi. Hujaa haraka na hushuka haraka mvua ikikatika, mara nyingi kwa saa chache. Palipo na kikapu cha kuvukia kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma, kitumie. Nitinat Narrows, mkondo mwembamba wa maji unaokata njia, huvukwa kwa boti tu, usiijaribu kwa miguu wala kwa kuogelea. Kwingine, fungua mkanda wa kiunoni wa begi kabla ya kuingia majini, ili ukianguka uweze kulivua. Na kama maji ni ya kahawia na unasikia mawe yakigongana chini, piga hema, kula chakula cha siku ya akiba, na urudi kuutazama mto alfajiri.